Siku Gari la Baba Mkwe Lilipopona

Mama mkwe wangu alifeli mtihani wa udereva mara tatu, na mara zote tatu gari lilimzimikia. Mara ya kwanza lilizima kwenye kile kilima kidogo nyuma ya uwanja wa majaribio. Mara ya pili lilizima njia panda, malori mawili yakimpigia honi. Mara ya tatu mkaguzi alichoka, akaomba apishwe alirudishe mwenyewe kwenye maegesho, na yeye pia likamzimikia. Alishuka, akajifuta jasho, akajaza fomu yake, kisha akamwambia mama mkwe maneno ambayo aliyaleta nyumbani yakiwa mazima.

"Kasema mimi naweza kuendesha, ila gari ndilo haliwezi. Kaniuliza kama nina fundi."

"Ukamjibuje, mama?" nikauliza, ingawa mtu mwenye akili angenyamaza.

"Nimemwambia nina mkwe. Ni fundi magari, ana gereji yake."

"Akasemaje?"

"Amecheka tu, mwanangu. Amecheka sana."

Mke wangu alikuwa anapakua chakula. Yeye hakucheka. Alinitazama mara moja, akaniwekea sahani yangu ya mwisho, baada ya watoto.

Mimi ni fundi mwaka wa ishirini na mbili huu. Magari ya watu yanaingia kwangu yakivutwa kwa kamba na yanatoka yakijiendesha, na wenyewe wananisifu hadi naona haya, ingawa si sana. Lakini gari la baba mkwe lilikuwa linalala uani kwangu miezi saba, hatua kumi na nne kutoka mlango wa jikoni, na kitu pekee nilicholifanyia ni kujaza upepo matairi. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Mteja wa kawaida angekuja kunisimamia kichwani. Mama mkwe ana adabu zake, hawezi kumwuliza mkwewe jambo mara mbili, na mimi nilikuwa nazitumia vibaya adabu hizo huku najua kabisa.

Wakwe zangu walikuja kwa wiki mbili. Ndivyo ilivyosemwa kwenye simu. Baba mkwe alikuwa na presha ya macho, na hospitali ya macho iko huku kwetu. Wakakodi dereva, wakaja na gari lao. Daktari akasema macho yale yameshakwenda, kilichobaki ni kulinda ule mwanga kidogo uliosalia, na kliniki ni kila mwezi. Wiki mbili zikazaa miezi saba. Mimi sikuwa na neno. Tangu mama mkwe afike, pacha wangu wanakwenda shule wamechana nywele.

Shida ilikuwa hilo gari. Baba mkwe aliliendesha miaka thelathini na nne, na katika miaka yote hiyo hakumruhusu mkewe kushika usukani hata kwa kulisogeza kivulini. Sasa macho hayapo, akakata shauri liuzwe. Mnunuzi alikuwepo tayari, mpiga picha wa harusi aliyetaka kulipaki kwenye bustani yake ili maharusi waliegemee. Injini hakuwa na haja nayo. Alisema waziwazi kwamba angeing'oa, pale ajaze udongo na kupanda maua.

Mama mkwe, ambaye sijawahi kumsikia akimpinga mumewe mbele ya watu, aliweka kijiko chini. "Haliuzwi," akasema. "Nitaendesha mimi."

Walibishana siku mbili chumbani kwao, kwa sauti ya chini, wakidhani hatusikii. Mwisho wakakubaliana ajaribu mara nne. Akipata leseni, gari ni lake, warudi nyumbani kwao, na kila mwezi atamleta mzee kliniki mwenyewe. Asipoipata, mpiga picha aje na kamba yake.

"Na nisipoipata," aliniambia siku moja akianika nguo, "nitakuwa mtu wa kuomba lifti mpaka nazikwa. Wewe huijui lifti, mwanangu. Umeshavaa, umekaa na pochi mapajani, unamsubiri mwenye gari amalize mambo yake. Miaka thelathini na nne nimekaa na pochi mapajani."

Mara tatu zilikuwa zimekwisha. Ya nne ilipangwa Ijumaa saa tatu asubuhi.

Utauliza nani alikuwa anamfundisha. Alikuwa baba mkwe. Ndiyo, huyo huyo asiyeona. Ng'ambo ya barabara yetu kuna kiwanda kilichofungwa zamani, kina uwanja mpana wa saruji usiokuwa na kitu zaidi ya ukuta na majani. Nilikuwa nawavushia gari hadi pale, kisha mzee anakaa kiti cha abiria, mikono miwili juu ya fimbo, na anamfundisha mkewe kuisoma injini kwa sikio.

"Inalia njaa, iongeze mafuta. Ongeza! Hapo. Sasa inakohoa, klachi, klachi! Mbele kuna nini?"

"Ukuta."

"Uko mbali?"

"Hatua ishirini."

"Basi anza breki sasa hivi, tena kwa nguvu."

Na lazima aanze mapema, kwa sababu breki za gari lile zilikuwa ngumu ajabu. Mama mkwe alikuwa ananyanyuka kitini, anaikanyaga ile pedali ya breki kwa uzito wake wote. Juu ya hapo, vidole vya mguu vikiwa kwenye breki, kisigino kilitakiwa kiwe kwenye mafuta, maana ukiliacha bila mafuta linatetemeka, linapiga chafya mbili, linazima. Mzee aliuita mtindo huo udereva. Kwa miaka mingi hakuwahi kukutana na gari linaloendeshwa vinginevyo, na kwa kuwa hakuwahi kumpa mtu gari lake, hakuna aliyewahi kumwambia.

Alhamisi sikufungua gereji. Nilinyanyua boneti pale uani, nikaona kile nilichokuwa nakijua kwa miezi saba bila kukitazama. Magari ya umri ule yana vimipira vyembamba vyeusi vinavyotambaa kila upande wa injini. Injini ikizunguka inavuta hewa kwa nguvu, na vimipira hivyo ndivyo vinavyobeba ule mvuto kuupeleka kwenye breki zipate wepesi, kwenye kabureta, na kwingine kwingi. Mpira ukipasuka, injini inavuta hewa ya wizi. Inatetemeka, inazima, na breki zinakuwa mawe. Mipira ya mzee haikuwa imepasuka mmoja tu. Nilipougusa wa kwanza ulikatika mkononi kama biskuti, na vipande vikalia ting, ting, vikishuka katikati ya injini.

"Umevunja nini?" baba mkwe akauliza. Alikuwa kaketi kwenye kigoda karibu na taa ya mbele.

"Mpira, baba. Umekauka."

"Ulikuwa mzima mpaka ulipoushika wewe. Hiyo ni mipira ya kiwandani."

"Ndiyo, baba. Kiwanda chenyewe nacho kimeshafungwa."

Mama mkwe alisisitiza kunishikia ndoo ya kutupia vipande. Nilimwambia akapumzike, mtihani ni kesho, akajitia hamnazo. Kazi ile siri yake ni moja. Usitoe mipira yote kwa pamoja, utasahau upi ulikwenda wapi. Unatoa mmoja, unaupima, unakata mpya wa urefu ule ule, unachovya ncha kwenye maji ya moto ilainike, unausukuma mpaka ukae, unabana klipu, ndipo unagusa mwingine. Kila nilipotoa mmoja mama mkwe aliuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, na ukilegea gari linafanyaje. Nilimjibu nikidhani ananipa heshima tu, kama watu wanavyomwuliza daktari habari za dawa ambayo hawatakumbuka jina lake.

Mipira ilikuwa kumi na mmoja. Tulimaliza saa saba na nusu. Nikawasha, injini ikanguruma kwa kasi, maana mzee wakati wake aliikaza skrubu ya mwendo hadi mwisho ili ifidie ile hewa ya wizi. Nikairudisha skrubu taratibu, mzunguko nusu, mzunguko robo, na injini ikashuka, ikashuka tena, ikatulia. Nilisimama pale nikafurahi kweli. Mtu asiyekuwa fundi hawezi kuijua raha hiyo, na sitajaribu kuieleza.

Mzee alisubiri kidogo, akagonga fimbo chini.

"Haya, washa basi."

"Limewaka, baba."

"Lini?"

Nikamshika mkono nikauweka juu ya mdigadi wa tairi la mbele. Aliuacha pale muda mrefu, vidole vimetanuka. Nilitegemea aniambie ahsante. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikishwa maiti.

"Umelifanya nini gari langu?" akasema.

Saa tisa tulivuka barabara kwenda kwenye uwanja wa kiwanda kwa somo la mwisho. Mimi nilikaa nyuma, nimejikunja, nimejaa sifa ambazo hakuna aliyenipa. Mama mkwe akaweka gia ya kwanza, akakanyaga mafuta kama alivyozoea, na gari ambalo miaka yote lilihitaji kubembelezwa likaruka mbele kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Akapiga ukelele. Mzee akapiga ukelele. Mama mkwe akanyanyuka kitini na kuikanyaga breki kwa uzito wake wote, na breki ile safari hii ikakamata. Fimbo ya mzee ikagonga kioo, miwani yake myeusi ikaishia miguuni, na mimi nikauma ulimi.

"Nani kaweka breki hizi?" mzee akafoka.

"Zilikuwepo, baba."

"Hazikuwepo!"

Hilo lilikuwa dogo. Balaa lilikuja tuliposimama. Injini ilikuwa imetulia, haitikisiki, hailii. Mama mkwe alisikiliza, hakusikia kitu, akajua imezima. Akageuza ufunguo. Kuwasha injini ambayo tayari inazunguka kunatoa mlio wa meno ya chuma, mlio ambao fundi akiusikia anaziba masikio. Alifanya hivyo mara nne katika nusu saa. Kila mara alimgeukia mumewe amwambie injini inataka nini, na mumewe alikuwa kaelekeza sikio mbele, midomo wazi. Mwalimu alikuwa kapoteza kitabu chake. Nilianza kuona nilichokifanya. Nilikuwa nimemchukua mwanafunzi aliyejua kuendesha gari moja tu duniani, gari bovu, na siku moja kabla ya mtihani nimemnyang'anya.

Tuliporudi mama mkwe alinifuata kwenye bomba nilipokuwa nanawa mikono.

"Baba Pacha," akasema. Huniita hivyo akiwa na shida. Siku nyingine ni mwanangu. "Ile mipira ya zamani iko wapi?"

"Kwenye ndoo, mama. Vipande."

"Basi legeza mmoja wa hii mipya. Ule mdogo tu. Nirudishie gari langu kwa siku moja, Jumamosi uutengeneze."

Nikakataa. Nikamwambia kwamba mimi ni fundi, na fundi hawezi kulitia gari ugonjwa kwa makusudi. Kwamba mkaguzi mwenyewe ndiye aliyesema litengenezwe. Kwamba kesho atazoea. Nilisema vizuri sana. Aliniitikia kila sentensi, akakunja ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akaondoka bila kugombana. Ningekuwa na nafuu kama angegombana.

Baada ya muda nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa ndani ya gari peke yake, pale uani, ameinama juu ya usukani. Alikaa hivyo hivyo karibu saa nzima. Mke wangu akaja akasimama pembeni yangu.

"Mama analia," nikasema.

"Na wewe unaangalia," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama baba mkwe aliponiita. Alikuwa kwenye kigoda chake, lakini alikihamisha mbali na gari, akaketi akiutazama ukuta, kama mtu asiyeona anaweza kusemwa anatazama.

"Mama yako asijue nililokuitia," akaanza.

"Sawa, baba."

"Legeza mpira mmoja."

Nikaligeukia gari.

"Kesho hawataniruhusu kuingia garini," akasema. "Hata mara zile tatu sikuingia. Lakini alikuwa ananisikia kichwani. Gari likilia, anajua ningesema nini. Hili la sasa halisemi kitu. Nitamsaidiaje?" Akazungusha fimbo mikononi. "Macho yamekwenda, nimevumilia. Kusoma, kutembea, kunyoa ndevu mwenyewe, vyote nimeacha. Kazi iliyobaki kwangu duniani ilikuwa moja, kumsikilizia mke wangu gari. Wewe umeimaliza asubuhi moja, na ndoo ya maji ya moto."

Nilikuwa na jibu la kifundi, nikalimeza. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na mtu mwenye aibu huahidi chochote. Nikamwambia nitalegeza mmoja, mwembamba, usiohusu breki, na nitafanya hivyo kule kule uwanjani ili mama asigundue njiani. Akanipapasa mkono akaubana. Miaka kumi na mitano nimemwoa binti yake, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alinishika mkono bila kusalimiana.

Ijumaa nililiendesha mwenyewe hadi uwanja wa majaribio. Mama mkwe alikaa nyuma yangu, shingo kainyoosha kuchungulia dashibodi juu ya bega langu. Nikadhani ni wasiwasi. Tulipofika alikwenda dirishani kuandikisha jina, na mzee akanigonga kiatu kwa fimbo.

"Sasa," akanong'ona.

Nikanyanyua boneti kama mtu anayekagua maji. Kulikuwa na watu wanane au tisa kwenye benchi, wote wanangoja zamu, wote wananitazama, na moyo ulikuwa unanienda mbio kuliko wa mtahiniwa yeyote pale. Mkono wangu wa kulia, uliotengeneza magari ya mji mzima, ulitelezesha klipu, ukauvuta ule mpira mwembamba mpaka ukabaki umeshikilia kwa ncha tu. Nikafunga boneti. Nimewahi kufanya kazi mbovu, kila fundi amefanya, lakini mbovu ya makusudi ilikuwa ya kwanza. Nikakaa kwenye benchi na baba mkwe, mwenzangu wa njama.

Mama mkwe akaja na mkaguzi, mtu mrefu mwenye ubao wa kuandikia. Wakaingia. Gari likawaka, na mara likaanza kutetemeka na kulia fyuuu, sauti ile ile ya zamani. Baba mkwe akaachia pumzi, mabega yakashuka.

"Hilo ndilo gari," akasema.

Injini ikazimwa. Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe akashuka na pochi begani, akaenda mbele, akanyanyua boneti, akaisimamisha na kile chuma chake. Hakuuliza mtu. Aliinama, akatembeza kidole juu ya mipira mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio ule ule tuliofuata jana, midomo ikitamka kitu. Akafika kwenye ule mwembamba, akausukuma mpaka mwisho, akavuta klipu ikakaa mahali pake, akaivutavuta kuihakikisha. Akajifuta kidole kwa kitambaa alichotoa kwenye pochi, akafunga boneti, akarudi kwenye usukani. Mkaguzi alikuwa amesahau kuandika.

Gari likawaka tena. Nasema hivyo kwa kuwa niliona moshi kidogo nyuma. Kwa masikio hukuweza kujua.

"Mbona kimya?" baba mkwe akauliza. "Limezima?"

"Limeondoka, baba. Ameukaza."

"Nani kaukaza?"

"Mwenyewe."

"Kajifunza wapi?"

"Jana alishika ndoo."

Tulikaa dakika ishirini na tano, nami niliomba Mungu kwa dhati, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa ajili ya gari. Nililiona likipanda kile kilima, likasimama katikati yake kama sheria inavyotaka, likakaa, kisha likaendelea. Nililiona njia panda. Halikuruka, halikupiga kelele, na ule mlio wa meno ya chuma niliokuwa nausubiri huku nimekunja vidole vya miguu haukuja hata mara moja.

Waliporudi mkaguzi alimpa mkono mama mkwe, akamkabidhi karatasi, kisha akaja moja kwa moja kwangu.

"Wewe ndiye mkwe?"

"Ndimi."

"Mpira mmoja hukuukaza vizuri. Bahati nzuri mama kaukaza." Akapiga ubao wake kwa kalamu. "Ungemwajiri pale gereji, akufundishe."

Watu wa benchi wakacheka sana. Niliinamisha kichwa nikasema nimekoma. Nini kingine ningesema?

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya mumewe na ile karatasi. Mzee alinyoosha mkono, akaipapasa juu na chini kana kwamba herufi zingemjibu.

"Umelizima mara ngapi?" akauliza.

"Sijalizima."

"Hata kilimani?"

"Hata kilimani."

Akairudisha karatasi, akahangaika na fimbo yake. "Mimi nililizima mara mbili," akasema. "Siku ya mtihani wangu. Mkaguzi alikuwa rafiki wa kaka yangu." Nikamtazama mama mkwe. Kwa namna alivyomkodolea macho niliona kwamba miaka yote ile hilo hakuwahi kuambiwa.

Safari ya kurudi aliendesha yeye. Mzee alikaa mbele, mimi nyuma. Mwanzoni aliinama kama kawaida yake, mikono juu ya fimbo, sikio mbele, anaitafuta injini. Njia panda ya kwanza alifungua mdomo, akaufunga. Ya pili alikuwa ameegemea kiti. Kabla ya ya tatu kichwa kiliangukia upande wa dirisha, na nikasikia anakoroma, polepole, kinywa wazi. Mtu yule hakuwahi kulala ndani ya gari maisha yake yote.

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini, "ulijuaje kama injini inazunguka? Jana ulikuwa hujui."

Akaonyesha dashibodi kwa kidevu. "Kile kitaa chekundu cha betri. Kikiwaka, imezima. Kikizimika, ipo hai. Jana nilikaa pale nikazima na kuwasha, nikazima na kuwasha, mpaka nikakiamini." Akabadilisha gia bila kelele. "Kilikuwepo siku zote. Baba yako hakukihitaji alipokuwa na macho, na mimi nilikuwa na kazi ya kumsikiliza yeye."

Kumbe ndicho alichokuwa anakifanya wakati mimi namhurumia dirishani. Nikatamani kiti kinimeze.

"Na ule mpira," akasema, macho barabarani, "ulijilegeza wenyewe?"

Nikafungua mdomo.

"Usinijibu," akasema. "Nikishajua ni nani kati yenu, itabidi nikasirike, na leo sina nafasi."

Tukaingia mtaa wetu. Geti letu la bluu likaonekana upande wa kushoto, pacha wamesimama juu ya ukuta, mama yao nyuma yao kashika mwiko. Mama mkwe hakupunguza mwendo. Alipiga honi mara moja, kidogo tu asimwamshe mzee, akapita. Nikageuka nikaona watoto wanashuka ukutani wakitukimbilia, kisha wanasimama.

"Mama, geti tumelipita."

"Nimeliona."

Alipita duka la vifaa vya shule, akapita gereji yangu iliyofungwa, akazunguka ule mzunguko mkubwa wa barabara ambao jana ningemkataza, akaingia tena mtaa wetu kwa upande wa pili. Pochi yake ilikuwa mapajani mwa mzee. Tulipokaribia nyumbani mzee akashtuka, akapapasa fimbo, akasikiliza. Hakusikia kitu.

"Tumefika?" akauliza.

"Bado," mama mkwe akamjibu, akalipita geti letu kwa mara ya pili.